Muhuri Bila Kipimo: Nani Anabanwa na Sheria Umeme wa Nyumba Ukiua?

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba, na minada ya stakabadhi ghalani ikaanza kulipa, Lukuledi na vijiji vyote vya kando ya barabara ya Masasi hadi Nachingwea hubadilika sura. Bati jipya linapanda, ukuta unapigwa lipu, na mwenye nyumba ambaye nguzo ya mradi wa REA imesimama mbele ya uwanja wake kwa miezi anaona wakati wa kuvuta umeme umefika. Ada ya kuunganishiwa kijijini imekuwa shilingi 27,000, bei ya kumwezesha hata mkulima wa ekari mbili. Kinachogharimu hasa ni wayaringi wa ndani, na hapo ndipo anapoitwa fundi. Anatoboa ukuta, anapigilia klipu, anafunga mainswichi, anagongelea athi rodi nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye mita ya Luku inafungwa, taa inawaka, watoto wanashangilia, fundi analipwa na kuondoka.

Kwa mwenye nyumba kazi imekwisha. Kwa viwango vya ufundi vinavyofuatwa nchini, ambavyo vina undugu wa karibu na vile vya Uingereza na vya kimataifa vya IEC, bado. Kazi ya umeme inakamilika ikishapimwa na majibu ya kipimo yakaandikwa kwenye karatasi yenye jina la mtu anayewajibika nayo. Kuwaka kwa taa ni ushahidi wa jambo moja tu: waya wenye moto na waya wa kurudisha vimefika kwenye balbu. Nyumba isiyo na athi kabisa huwaka vilevile. Nyumba ambayo swichi zake zinakata waya usiokuwa na moto, zikaiacha holda ya balbu hai hata taa ikiwa imezimwa, nayo huwaka vilevile. Mteja anaweza kumhukumu mwashi kwa kuutazama ukuta, lakini fundi umeme hana pa kumshikia. Ndiyo maana sheria ikadai kipimo, na ndiyo maana kutopima kuna uzito ambao wengi hawaujui mpaka siku ya msiba.

Tuangalie kwa hesabu kinachotokea, kwa sababu mahakamani hoja yote husimama hapo. Chukua nyumba ya bondeni Lukuledi, karibu na mto, ambako udongo una unyevu. Athi rodi imekwenda vizuri na ukinzani wake na ardhi ni omu 50. Siku moja waya ndani ya jokofu unachunika na kugusa bodi. Umeme wa volti 230 unakimbilia ardhini kupitia rodi ile: 230 gawa kwa 50, hazifiki ampea 5. Sakiti breka ya soketi ni ya ampea 32. Kwake ampea 5 si kitu, ni kama mtu amechomeka pasi, kwa hiyo haikati. Bodi ya jokofu inabaki na moto wa karibu volti zote, usiku na mchana, na dalili pekee anayoiona mama mwenye nyumba ni kwamba uniti za Luku zinaliwa haraka, karibu uniti moja kila saa. Anamlaumu mdogo wake kwa kuangalia mpira usiku. Kinachoweza kuokoa maisha hapo ni kile kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD, kinachokata umeme kikihisi miliampea 30 tu zinavujia ardhini. Wengi hukiacha ili kupunguza bei. Wengine hukifunga bila kukijaribu, na kifaa kilichokwama hakitofautiani kwa macho na kilicho kizima.

Sasa mpandishe fundi huyohuyo uwandani Newala. Uwanda wa Makonde una sifa moja inayojulikana na kila aliyewahi kuishi huko: maji ni shida, udongo ni wa mchanga unaoyanywa maji haraka, na vizazi vya akina mama vimeteremka genge kuyafuata. Mchanga mkavu haupokei umeme kirahisi. Rodi ya urefu uleule uliotosha bondeni inaweza kusoma mamia ya omu huko juu. Na kuna mtego wa majira. Fedha za korosho huja kuelekea mwisho wa mwaka, kwa hiyo nyumba nyingi zinafungwa umeme mvua zikiwa zinaanza au zimeshakolea. Rodi iliyogongelewa Januari katika udongo uliolowa itasoma vizuri, kisha Septemba, baada ya miezi ya kiangazi, haitakuwa rodi ileile. Fundi anayejua kazi hupima, huona namba, akaongeza rodi ya pili au akaizamisha zaidi, na hakubali kuondoka bila RCD. Asiyepima hana namna ya kujua kwamba Newala si Lukuledi. Anabeba mazoea ya bondeni kama mtu anayeuza kipimo kimoja cha nguo kwa mji mzima.

Ongeza mabati, vyuma vya madirisha, na ule waya wa kuanikia nguo uliofungwa ncha moja kwenye msumari wa paa. Waya wa umeme uliokwanguliwa na ukingo wa bati unalifanya paa lote kuwa na moto, waya wa nguo nao unakuwa na moto, na anayeushika kwanza ni mwenye nguo mbichi mikononi na miguu peku. Vifo vya namna hiyo si vya ajabu nchini. Mara nyingi vinazikwa kwa maneno kwamba Mungu amependa, na hakuna anayekosea kusema hivyo msibani. Kosa ni pale polisi, zimamoto na mwendesha mashtaka nao wanapoishia hapo.

Sheria ya kwanza kumhusu fundi ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Inaweka ufungaji wa umeme majumbani miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni, na anayetoa leseni ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja yanayotegemea ukubwa wa kazi na sifa za fundi. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa la jinai hata kama nyumba imefungwa kwa ustadi na hakuna aliyeumia. Hilo ni jepesi kuelewa. Kinacholivuruga ni muhuri.

Ili kuunganishiwa umeme, mwombaji hupeleka TANESCO mchoro wa wayaringi uliogongwa muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Nia ya sharti hilo ilikuwa njema: muhuri uwe neno la mtu mwenye sifa kwamba nyumba imefungwa na kupimwa. Kilichozaliwa mtaani ni biashara ya muhuri. Anayefunga nyumba hana leseni. Mwenye leseni yuko mjini, hajawahi kukanyaga kijiji hicho, na anagonga muhuri kwa elfu kadhaa kila karatasi. Vishoka, kama wanavyoitwa, ndio wanaounganisha pande hizi mbili. Watu huwalaani sana, na wanastahili, lakini nadhani lawama zimekwenda sana kwao na kidogo mno kwa mwenye muhuri. Ukitazama sheria kwa makini, yeye ndiye aliyejitwika mzigo mkubwa kuliko wote kwa malipo madogo kuliko wote.

Tuanze na jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kuua bila kukusudia si kwa kitendo peke yake bali pia kwa kutotenda. Mtu mwenye wajibu wa kulinda uhai wa wengine, akiutelekeza kwa uzembe uliokithiri na mtu akafa, anaweza kushtakiwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria hiyohiyo inasema wazi kwamba anayeshika au kusimamia kitu cha hatari anao wajibu wa kuchukua tahadhari kisije kikadhuru watu. Pasipotokea kifo, yapo makosa madogo zaidi ya uzembe unaohatarisha maisha au kusababisha madhara. Swali la mahakama litakuwa: je, uzembe huu umevuka ule wa kawaida wa kulipia fidia ukafikia wa jinai? Kukosea kusoma mita ya kipimo pengine ni uzembe wa kawaida. Kusaini kwamba umepima nyumba ambayo hujawahi kuiona ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna bahati mbaya ya kiufundi ya kujitetea nayo. Kuna uamuzi uliofanywa ofisini, kwa kalamu, kwa fedha, huku mhusika akijua hajui lolote juu ya usalama wa wanaokwenda kulala humo. Kesi ya namna hiyo kwa wilaya za Masasi na Newala ingesikilizwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara.

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Mwaka 2007, mjini West Bromwich, Uingereza, mama kijana wa miaka 22 aliuawa na umeme nyumbani kwake, katika jengo lililojengwa karibuni tu. Skrubu ilikuwa imetoboa kebo ndani ya ukuta, maji yakavuja, na umeme ukamfikia. Kwa mtazamo wetu wa kawaida mkosaji angekuwa aliyepiga skrubu. Mahakama ya huko ilikwenda kwingine: vipimo vya nyumba ile vilikuwa vimeachiwa msaidizi asiye na sifa, na kasoro ambayo kipimo cha kweli kingeibua ikapita kwenye karatasi kana kwamba haipo. Kampuni iliyofanya kazi ya umeme na msimamizi wake walitiwa hatiani, ingawa ilichukua miaka. Ujenzi utakuwa na skrubu zilizopotoka siku zote. Kipimo kipo kwa ajili hiyo, kuzikamata kabla mtu hajahamia.

Kwetu upande wa madai ni mpana zaidi kuliko wa jinai, na ni rahisi zaidi kushinda, kwa sababu haudai uthibitisho usioacha shaka. Tanganyika ilipokea sheria za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zimeendelea kuzijenga. Kwa hiyo mtu aliyeunguliwa nyumba anaweza kumdai fundi kwa uzembe, na wategemezi wa marehemu wanaweza kudai chini ya sheria ya ajali zinazosababisha vifo. Anayedai anatakiwa kuthibitisha. Hapo ndipo kukosekana kwa kipimo kunapoigeuza kesi. Fundi mwenye karatasi ya vipimo anaweza kusimama na kusema: siku naondoka insulesheni ya waya ilisoma juu ya megaomu 1, athi ilisoma kiasi hiki, RCD ilikata, kilichotokea baadaye kimeletwa na mwingine. Asiyekuwa nayo atajibu nini? Kwamba alijaribu kwa testa? Jambo lenyewe litakuwa linajieleza, na mambo anayoyajua yeye peke yake kuhusu kazi yake, ni yeye anayetarajiwa kuyaeleza.

Kwa fundi asiye na leseni kuna pigo jingine, dogo lakini la kuchekesha kidogo. Chini ya Sheria ya Mikataba, makubaliano ya kufanya jambo linalokatazwa na sheria hayatambuliki. Mteja akigoma kumlipa nusu iliyobaki, na fundi akaenda mahakamani, fundi anaweza kuambiwa hana mkataba wa kusimamishia dai lake. Mteja naye asishangilie mapema. Kwa kumwita mtu asiye na leseni makusudi ili kuokoa fedha, amejipunguzia nguvu ya madai yake mwenyewe, maana mahakama hupunguza fidia ya aliyechangia madhara yake.

Na mwenye nyumba si mwathirika tu. Akiwa anaishi yeye na familia yake, sheria mara nyingi humwonea huruma. Akishaweka wapangaji, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Masasi mjini, au akigeuza vyumba vya nyuma kuwa hosteli ya wanafunzi, anakuwa msimamizi wa kitu cha hatari kwa ajili ya wengine. Mpangaji akimwambia kwamba koki ya bafuni inamchoma kidogo kidogo, na yeye akajibu kwamba umeme wa siku hizi una nguvu, ushahidi wa kwamba alijua umeshapatikana.

Mashuleni hali ina kejeli yake. Mwaka 2009 bweni la shule ya sekondari Idodi, Iringa, liliungua na wanafunzi 12 wa kike wakafa, na chanzo kilielezwa kuwa mshumaa wa kusomea. Tangu misiba kama hiyo, umeme umeingia mabwenini kama mkombozi, na mkombozi haulizwi vyeti. Bodi ya shule inayouliza idadi ya milango ya dharura haiulizi karatasi ya vipimo vya wayaringi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua chini ya sheria yake ya mwaka 2007, na ukaguzi unaoishia kwenye mtungi wa kuzimia moto umeruka chanzo cha moto.

Kwa maeneo ya kazi, yaani mashine za kusaga, karakana za kuchomelea, viwanda vya kubangua korosho na maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wakala wa usalama kazini, OSHA, inaingia kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na mwajiri hawezi kumsukumia fundi wa nje wajibu wote. Ghala lina jambo la ziada. Mfumo wa stakabadhi unalitaka liwe na bima, kwa sababu korosho zilizomo ni za watu wengi. Moto ukitokea, mtu wa bima atakuja na swali ambalo polisi hakuuliza: cheti cha vipimo kiko wapi? Kikikosekana, na masharti ya bima yalikidai, fidia inaweza kukataliwa au kubishaniwa kwa miaka. Kikiwepo nacho kikawa cha uongo, kampuni ya bima italipa kisha ivae viatu vya mwenye mali na kumfuata aliyegonga muhuri. Fundi aliyezoea kuombwa punguzo la shilingi elfu kumi na mama wa kijijini atajikuta anadaiwa na mlalamikaji mwenye mawakili.

Basi kama sheria ina meno kiasi hiki, mbona haiumi? Sababu ya kwanza ni taarifa za moto. Zinaandikwa kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme, jalada linafungwa. Hitilafu ya umeme ni sawa na kusema marehemu alikufa kwa kuacha kupumua. Waya upi, ulifungwa na nani, ulipimwa lini na ulisoma nini: hayo ndiyo chanzo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980 inaruhusu kifo kisicho cha kawaida kichunguzwe mbele ya mahakama, na kifo cha umeme ni cha namna hiyo bila ubishi.

Sababu ya pili ni kumalizana. Fundi ni mtoto wa mjomba, au ni jirani, na amekuja msibani akalia kuliko wenye msiba. Wazee wanakaa, anatoa mchango mzito wa mazishi, yanakwisha. Kwa madai, familia ina haki ya kusamehe. Kwa jinai haina, maana kesi ya kuua bila kukusudia ni ya Jamhuri. Lakini Jamhuri inahitaji mashahidi, na mashahidi ndio hao waliokwisha kusamehe.

Sababu ya tatu ni vifaa, na hapa nina huruma na fundi. Mega ya kupimia insulesheni, kipima athi na kijaribio cha RCD kwa pamoja vinaweza kuzidi malipo ya nyumba kadhaa. Kijana aliyehitimu VETA na mfuko wake wa koleo na bisibisi hawezi kuvinunua kwa wayaringi wa vyumba viwili, tena akishindana na kishoka asiyevihitaji. Chama cha ushirika kinachoweza kununua mizani ya korosho kinaweza kununua seti moja ya vipimo na kuikodisha kwa mafundi wa kata. Ningependa kuona hilo kabla ya kuona kijana wa kwanza anafungwa. Ningependa pia mfunga mita akatae karatasi yenye muhuri isiyo na namba za vipimo, kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho kusimama mlangoni kabla umeme haujaingia. Wajibu wa TANESCO huishia kwenye mita, ndiyo, lakini kukataa kuwasha kinachoonekana hakijapimwa ni jambo la upande wa nguzo.

Vile vibao vya UMETA, vinavyoletwa vikiwa tayari na breka na soketi zake kwa nyumba isiyo na wayaringi, vimepunguza tatizo bila kulimaliza. Kibao kimejaribiwa kabla ya kufika, lakini athi yake inachimbiwa hapohapo kijijini, katika udongo uleule. Na baada ya miezi sita mwenye nyumba atavuta waya kutoka kwenye kibao kwenda chumba cha tatu, jikoni na bandani kwa kuku. Kila nyongeza inafuta kipimo cha mwanzo, na aliyeongeza ndiye anayeanza kuwajibika.

Mwisho kuna muda, ambao wengi huupoteza bila kujua. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu tangu madhara yatokee. Ya mkataba yana miaka sita, lakini hesabu yake huanza mkataba ulipovunjwa, yaani siku ile fundi alipokabidhi nyumba bila kuipima. Nyumba iliyofungwa vibaya inaweza kungoja mwaka wa nane ndipo iue. Hapo mlango wa mkataba umeshafungwa na uliobaki ni wa uzembe, ambao unategemea ushahidi uliobaki kwenye majivu: mainswichi iliyoyeyuka, vipande vya waya, athi rodi yenyewe. Katika vijiji vyetu mabaki hayo hayakai hata wiki. Shaba inachomwa plastiki yake ikatoka, inapimwa kwa kilo na mnunuzi wa vyuma chakavu, na ndugu anayetaka kwenda mahakamani anatakiwa kumzuia mnunuzi huyo kabla ya kumtafuta wakili.